Nguo Nyepesi za Kuvulia Dagaa Usiku Kigoma: Ununue Nini Mitumbani, Uvaeje Ukiwa Ziwani

Kila giza la mwezi likiingia, yaani siku zisizo na mbalamwezi ambapo dagaa huvutwa kwa taa, vijana wapya wanaopata nafasi kwenye mitumbwi ya dagaa huja na maswali yale yale. Ninunue koti gani? Gumbuti zinafaa? Jinzi je, si ngumu, si inazuia upepo? Wageni wanaoomba kwenda kuona uvuvi kwa usiku mmoja wao huuliza kinyume: Kigoma si joto, sweta la nini? Kujibu mmoja mmoja pale mwaloni, ufukweni mitumbwi inapoegeshwa, kumenichosha, kwa hiyo yote nimeyaweka hapa.

Jibu la haraka ni hili: usinunue koti zito. Ziwani kinachomuumiza mtu ni upepo ukipiga nguo iliyolowa. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika huku kwetu hucheza kwenye nyuzi joto 25 na kuendelea, na mtu akioga mchana huyaona ya uvuguvugu. Lakini mwili una nyuzi 37, na maji hunyonya joto la mwili kwa kasi inayokaribia mara 25 ya hewa. Ukitota saa tatu usiku na nguo zikabaki na maji mpaka alfajiri, meno yatagongana hata kama mchana ulikuwa unatafuta kivuli. Ndiyo maana nguo ya ziwani huangaliwa mambo matatu tu: inaachia maji upesi? Inazuia upepo? Ukitumbukia nayo, utaweza kuogelea na kupanda tena chomboni? Unene haumo kwenye hesabu.

Na usijidanganye kwamba ukikwepa kipupwe umekwepa baridi. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, yaani karibu kipindi chote cha baridi na upepo wa kusi. Wengi wakadhani sweta halina kazi tena. Ziwa lilipofunguliwa kusi ilikuwa bado haijaisha, na baada yake huja mvua, ambazo zikikukuta katikati ya maji usiku hakuna mti wala kibanda cha kujibanza.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Fulana moja ya poliyesta ya mikono mirefu, na nyingine kavu ya akiba
- Sweta jepesi la flisi (kitambaa laini cha poliyesta chenye manyoya) au la sufu
- Jaketi jembamba la nailoni la kuzuia upepo, lenye kofia
- Koti jepesi la mvua, kama ni msimu wa mvua
- Suruali nyepesi ya traki, au bukta mbili
- Mzula (kofia ya kubana inayofunika masikio)
- Kanga au kikoi
- Yeboyebo zenye mkanda wa nyuma
- Ndoo tupu ya lita 10 iliyokuwa ya rangi ya kupaka, yenye mfuniko unaobana
- Jaketi okozi linalokutosha ukiwa umevaa vyote hivyo

Hilo la mwisho halina mjadala. Nguo nyepesi hukusaidia usichoke haraka majini, haikufanyi uelee juu ya maji. Kama chombo unachokwenda nacho hakina jaketi okozi la kwako, tafuta lako kabla hujanunua hata soksi.

Hatua ya 1: Uliza kazi yako ni ipi

Kabla ya kwenda sokoni, muulize nahodha utakaa wapi na utafanya nini. Anayevuta wavu hulowa kuanzia kifuani kushuka chini na hutoka jasho, kwa hiyo anahitaji fulana nzuri na sweta la kuvaa baadaye. Anayekaa na taa hulowa kidogo, ila yeye ndiye hukaa tuli saa nyingi, na mkaa tuli ndiye hupigwa na baridi kwanza. Wanaokwenda na ndoano kutafuta samaki wakubwa zaidi, migebuka, nao wako kundi hilo la kukaa. Mgeni wa kutazama tu, jihesabu mkaa tuli, uongeze na sweta la pili.

Uliza pia mnaondokea wapi. Wa Kibirizi na Katonga wanafika mwaloni kwa bodaboda. Wa vijiji vya kaskazini, kule barabara isikofika, wanabeba kila kitu mgongoni kwenye njia za mlimani, na huko kila kilo unaijua kwa jina.

Hatua ya 2: Nenda mitumbani, ila nenda na macho

Nguo karibu zote za orodha hii zipo Mwanga na Ujiji, hapa hapa Kigoma mjini, kwenye mitumba. Huna haja ya kuagiza kitu Dar. Fika asubuhi siku ya kufungua belo, maana flisi nzuri huondoka mapema na watu wa bodaboda.

Soma lebo kwanza, ile ndogo iliyoshonwa ubavuni kwa ndani. Polyester na nylon, chukua. Wool au laine ni sufu, chukua na ushukuru. Cotton au coton ni pamba, irudishe kwenye meza hata kama ni nzuri kama nini. Mabelo ya Ujerumani yana mtego: Wolle ni sufu, lakini Baumwolle ni pamba, na wapo waliolipia sweta la pamba kwa bei ya sufu kwa sababu walisoma nusu ya neno.

Mara nyingi lebo imekatwa. Hapo fanya majaribio mawili.

La kwanza ni tone la maji. Chovya kidole kwenye chupa yako ya maji, dondosha tone moja juu ya kitambaa uangalie. Kwenye pamba tone hutandaa na kuzama papo hapo, doa jeusi linabaki. Kwenye flisi hukaa juu kidogo, na ukikung'uta linaruka.

La pili ni moto, na hili lifanye kwa fundi cherehani, si katikati ya rundo la nguo za mtu.

"Mama, naomba uzi mmoja tu wa hapa kwenye pindo, nikauchome kwa fundi."

"Uchome? Mdogo wangu, unanunua nguo au unapika?"

Ukiongea vizuri atakupa. Shika uzi kwa kibano, uguse na kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Sufu hunuka nywele zilizoungua, na moto wake hufa wenyewe. Poliyesta hujikunja, huyeyuka, kisha huganda kuwa kidonge kigumu cheusi. Usikiguse kabla hakijapoa.

Kidonge hicho kikukumbushe jambo jingine. Nguo ya poliyesta ikikaribiana na moto huyeyukia kwenye ngozi. Taa nyingi siku hizi ni za sola na betri, lakini kama chombo chenu bado kina karabai, au mnapasha chai kwa jiko humo humo, vua sweta la flisi kwanza au kaa mbali.

Hatua ya 3: Chagua fulana ya ndani

Hii ndiyo inayogusa ngozi, na ndiyo wengi wanaikosea kwa sababu haionekani. Fulana ya pamba ikilowa hushika maji ndani ya nyuzi zake na kukugandamana mgongoni usiku kucha. Jezi ya mpira ya poliyesta unaivua, unaikamua mara mbili, unaivaa, na baada ya muda mfupi inakauka kwa joto la mwili wako. Simba au Yanga, ziwa halijali. Ya mikono mirefu ni bora, kwa sababu ya upepo na kwa sababu ya wadudu wanaofuata taa.

Inatakiwa ikubane kidogo. Ikiwa pana, upepo unaingia chini na kutokea shingoni.

Hatua ya 4: Chagua sweta

Flisi nyembamba ndiyo chaguo langu kwa mtu anayeanza: bei nafuu, nyepesi, ukiikamua inarudi kufanya kazi. Sufu ni bora zaidi kwa joto, maana huendelea kupasha hata ikiwa na unyevu, ila ni nzito ikilowa na huchelewa kukauka. Ukipata sweta jembamba la sufu lisilowasha, hilo litakuwa la kwako miaka mingi.

Achana na haya:

Sweta la pamba lenye kofia, lile la vijana wa chuo. Likitota linaning'inia hadi mapajani na mikono inarefuka kupita vidole. Achana pia na jaketi la kuvimba lenye manyoya ya bata ndani. Likiwa kavu ni kitanda, lakini likilowa manyoya yanajikusanya kwenye pembe na unabaki umevaa vitambaa viwili vitupu. Koti la ngozi na lile la jinzi sina hata la kusema.

Flisi ina udhaifu mmoja mkubwa: upepo unapita ndani yake kana kwamba hakuna kitu. Peke yake haitoshi, na hapo ndipo hatua inayofuata inapoingia.

Hatua ya 5: Jaketi la upepo na koti la mvua

Haya ni mavazi mawili tofauti, watu wanayachanganya.

Jaketi la upepo ni kile kitambaa chembamba cha nailoni ambacho ukikikunja kinaingia kwenye kiganja. Kulipima, bandika kitambaa mdomoni na upulize kwa nguvu. Hewa ikitokea upande wa pili kirahisi, na upepo wa ziwani utapita. Likikataa, chukua. Uzito wake ni kama hakuna, lakini juu ya flisi linabadilisha usiku wako mzima.

Koti la mvua la bodaboda, lile zito la plastiki, linazuia maji kweli. Shida yake ni jasho. Ukivuta wavu nalo unalowa kutoka ndani, na likipoa ule unyevu unageuka kuwa baridi. Livae mvua ikinyesha na ukiwa umekaa, kazi ikianza fungua kifua. Kama unaweza kupata la nailoni jepesi mitumbani, geuza ndani nje uangalie mishono. Kuna utepe mwembamba uliobandikwa juu ya kila mshono. Utepe ukiwa umebanduka, au ukisugua kitambaa vidoleni kinatoa vipande kama mba, koti hilo limeshakufa na maji yatapita. Muuzaji atakuambia ni vumbi la belo. Si vumbi.

Rangi: chagua machungwa, njano au nyekundu. Mtu aliyevaa koti la bluu nzito akitumbukia usiku haonekani hata akiwa mita chache nje ya mwanga wa taa. Kama umependa jaketi jeusi, ongezea juu kizibao cha kung'aa cha bodaboda, hakina uzito.

Kabla hujaondoka sokoni au ukifika nyumbani, kata kamba zote zinazoning'inia kwenye kofia na kiunoni. Wavu wa dagaa una macho madogo sana, na kila kifungo, ndoano ya zipu na kamba hunasa humo. Ukinasa wakati wavu unapanda, kazi inasimama na utasikia maneno ya nahodha ambayo hayaandikiki. Vifungo vikubwa mpe fundi avitoe aweke utepe wa kunata (velkro) au zipu ya plastiki.

Hatua ya 6: Miguu

Suruali ya traki nyepesi isiyo na kitambaa cha pamba ndani, basi. Jinzi hapana: ikilowa inakuwa nzito, inabana magoti, na asubuhi unaikuta bado inachuruzika. Wavuta wavu wengi wanavaa bukta na kubadilisha na traki kavu kazi ikiisha, nami naona ndio utaratibu mzuri.

Gumbuti ziache shambani. Zikijaa maji huwezi kuzivua ukiwa ndani ya ziwa, na huwezi kupanda chomboni nazo. Yeboyebo zenye mkanda wa nyuma zinatosha. Malapa yanachomoka kwenye matope ya mwaloni kabla hata hujaondoka.

Hatua ya 7: Kichwa na mikono

Mzula wa sufu au flisi. Ukikosa vyote, usikose huu. Glavu hazifai kwa kuvuta wavu mwembamba, huwezi kusikia kamba. Badala yake hakikisha mikono ya jaketi ni mirefu kiasi cha kuvuta na kuficha vidole mnapokuwa mmekaa.

Hatua ya 8: Pima nyumbani kabla ya ziwa

Jioni moja chukua beseni la maji na vazi kila moja. Lizamishe, likamue kwa mikono, litundike kivulini penye upepo. Rudi baada ya nusu saa ulibandike shavuni. Likiwa baridi na lenye maji, halifai kuwa la ndani.

Ukiwa na rafiki mwenye duka, mwombe mizani. Pima jinzi yako ikiwa kavu, kisha ikiwa imezamishwa na kukamuliwa. Fanya hivyo hivyo kwa traki. Nikisema jinzi ni hatari watu hubisha, mizani hawabishani nayo.

Halafu vaa kila kitu kwa pamoja, jaketi okozi juu ya vyote, ufunge mikanda. Inua mikono juu. Mtu mwingine avute jaketi okozi mabegani kwenda juu. Likipanda mpaka masikioni, kaza mikanda au tafuta saizi nyingine. Jaribio hili lifanyie uani. Usiende kujizamisha ufukweni peke yako, hasa karibu na midomo ya mito penye mamba na viboko.

Hatua ya 9: Pakia ndoo

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na kiroba kinapitisha maji. Ndoo ya rangi iliyosafishwa ndiyo mkoba bora: haipitishi maji, inaelea, unaikalia, na ikianguka unaiona. Weka humo fulana kavu, sweta, traki na kanga. Mpangilio wake ni huu: kanga juu kabisa, kwa sababu ndiyo ya kwanza kutumika kujifutia, kisha fulana, sweta, traki chini. Gizani, mikono ikitetemeka, hutaki kufukua.

Usiweke samaki wala mandazi yenye mafuta humo. Na mfuniko ufungwe kila unapotoa kitu, si "nitafunga baadaye".

Hatua ya 10: Usiku wenyewe

Hapa ndipo nguo nzuri hupotezwa na mvaaji.

Mkiondoka jioni na mnapiga kasia au mnapanga nyavu, vaa kidogo kuliko unavyotaka: fulana na bukta, labda jaketi la upepo. Utahisi ubaridi kidogo, vumilia. Ukianza na sweta utalijaza jasho kabla usiku haujaanza.

Taa zikiwashwa na kungoja kukianza, usisubiri kutetemeka. Vaa sweta na jaketi la upepo hapo hapo, na mzula, joto la kazi likiwa bado lipo mwilini. Sweta halitengenezi joto, linatunza lile ulilonalo.

Wakati wa kuvuta wavu, sweta lirudi ndooni. Ndiyo, ni usumbufu. Wavu ukiisha, vua fulana iliyolowa, ikamue nje ya chombo, jifute kwa kanga, vaa kavu, kisha sweta, kisha jaketi. Kama mtavuta tena, vaa ile iliyokamuliwa kwa ajili ya kazi na uirudishe kavu ndooni. Kavu ni ya kupumzikia tu. Wapya wengi huvaa fulana ya akiba mapema, wanailowesha kwenye wavu wa pili, na alfajiri hawana kitu. Na alfajiri ndiyo mbaya kuliko zote, upepo unaposhuka kutoka milimani kuelekea ziwani na watu wamechoka na wana njaa.

Jaketi okozi halivuliwi kwa sababu ya kubadilisha nguo mpaka mwenzako ajue na awe anakuangalia.

Hatua ya 11: Ukirudi

Suuza kwa maji baridi siku hiyo hiyo, sabuni kidogo, anika. Flisi na nailoni usizipige pasi, zitayeyuka. Sufu usiikamue kwa kuisokota, ibonyeze tu, uilaze juu ya mkeka kivulini.

Ikitokea shida

*Nimevaa vyote na bado natetemeka.* Gusa fulana ya ndani. Karibu kila mara ndiyo imelowa, na kuongeza sweta juu yake hakusaidii. Vua zote za juu, badilisha ya ndani, rudisha. Kisha kula kitu.

*Jaketi limelowa kwa ndani na hakuna mvua.* Ni jasho lako. Fungua zipu kifuani, vua sweta ukifanya kazi.

*Mikono imekufa ganzi.* Ipeleke kwapani, chini ya jaketi. Usiichome kwenye taa, hutasikia inapoungua.

*Mwenzangu ametetemeka sana, sasa ameacha, anaongea kama mlevi na hawezi kufunga zipu.* Hii si shida ya nguo tena. Mwili wake umepoa kupita kiasi na kuacha kutetemeka si kupona. Mwambieni nahodha mrudi. Mtoeni nguo zilizolowa, mfuteni bila kumsugua kwa nguvu, mvalisheni kavu za yeyote aliyenazo, mfunikeni kichwa, mmoja akae naye mwili kwa mwili, mmkinge na upepo. Kama anameza vizuri, chai ya vuguvugu yenye sukari nyingi. Gongo au pombe yoyote, hapana, hata akiomba: inasukuma damu kwenda kwenye ngozi, anahisi joto huku anazidi kupoa. Mkifika nchi kavu, apelekwe kituo cha afya.

*Nimetumbukia na nguo zote.* Usihangaike kuzivua. Nguo nyepesi hazikuvuti chini, na zinapunguza maji kuzunguka mwilini. Piga teke yeboyebo zitoke, kunja magoti kifuani, shika chombo au ndoo, piga kelele. Usiogelee kufuata taa za nchi kavu. Usiku zinaonekana karibu na haziko karibu.

*Sina hela ya vyote.* Nunua kwa mpangilio huu baada ya jaketi okozi: jezi ya poliyesta, jaketi la upepo, mzula, ndoo. Sweta lifuate mauzo ya kwanza. Jezi mbili chini ya jaketi la upepo zinakupitisha usiku usio na mvua.

*Flisi inanuka dagaa haitoki.* Iloweke usiku kucha kwenye maji yenye siki au ndimu kadhaa zilizokamuliwa, kisha ifue na kuianika penye upepo. Harufu itapungua. Isipoisha, itundike nje na uiite nguo ya kazi; mke au mama mwenye nyumba hatakubali ilale ndani, na yuko sahihi.